Kanisa la Zamani Kuwa Nyumba ya Sanaa: Ushauri kwa Wanaotaka Kuanza

Baadhi ya makanisa yaliyojengwa na wamisionari katika mwambao wetu karne ya 19 yamebaki na waumini wachache, ama kwa sababu parokia imejenga kanisa jipya kubwa zaidi, ama kwa sababu mji wenyewe umesogea mbali na bahari. Vijana wanaotafuta mahali pa kufanyia mazoezi ya taarab, maigizo au maonyesho ya picha huyatazama majengo hayo kwa matumaini, na mimi naona wana haki ya kufanya hivyo. Kwa miaka kadhaa nimekuwa mjumbe wa kamati iliyokarabati kanisa la Kianglikana la mawe ya matumbawe katika mji mdogo wa pwani, ambalo leo ni mahali pa ibada siku ya Jumapili na pa sanaa siku nyingine. Kwa yeyote anayefikiria kazi kama hiyo, ushauri wangu mkubwa ni kwamba jengo lisikilizwe kwanza, lijulikane linaumwa wapi na linaweza kubeba nini, ndipo ratiba ya sanaa ipangwe kulifuata.

Kabla ya kugusa ukuta, fahamuni mwenye mali ni nani. Kwa Tanzania Bara, mali ya kanisa kwa kawaida huwa mikononi mwa Bodi ya Wadhamini iliyosajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, na padri wa parokia, hata akiwa mkarimu kiasi gani, hana mamlaka ya kuwapa jengo kwa maneno ya mdomo. Ombeni mkataba wa maandishi unaotaja muda, saa za matumizi na nani anayelipia matengenezo. Kwa Wakatoliki, Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1222, inamruhusu askofu kuliondoa kanisa katika matumizi ya ibada na kuliweka katika matumizi ya kawaida yasiyo ya aibu. Na iwapo ibada inaendelea, mwongozo wa Vatikani wa mwaka 1987 kuhusu matamasha makanisani unataka kiingilio kiwe bure. Hilo peke yake linaweza kubadilisha hesabu zenu zote za mapato, kwa hiyo ni vyema mlijue mapema kuliko baada ya kuchapisha tiketi.

Sasa nije kwenye kuta, ambako fedha nyingi huenda na ambako majengo mengi ya pwani huharibiwa na watu wenye nia njema. Ukuta wa matumbawe uliojengwa kwa chokaa hunywa unyevu kutoka ardhini na kutoka kwenye mvua, kisha huutoa polepole kupitia lipu yake. Ukipigwa lipu ya saruji, njia hiyo huzibwa: maji hubaki ndani, chumvi hujikusanya nyuma ya saruji, na baada ya masika chache lipu hutoka kwa mapande makubwa ikiwa imeshika uso wa jiwe. Kanisa letu lilikuwa limefunikwa saruji hadi kimo cha mtu, na juu yake rangi ya mafuta. Tuliibandua yote kwa nyundo na tindo, taratibu, bila mashine, maana mtikisiko wa mashine hulegeza mawe ambayo bado yana nguvu. Kisha tuliuacha ukuta wazi kwa msimu mzima wa kiangazi ukauke, ingawa wafadhili na wasanii walikuwa wakiuliza kila wiki kwa nini kazi imesimama. Haikuwa imesimama, kukauka ni sehemu ya kazi, na mkandarasi asiyekubali jambo hilo msimpe kazi.

Mtafuteni fundi anayejua chokaa. Wapo bado, hasa Zanzibar na katika miji ya zamani ya mwambao, na wengi wao ni wazee. Chokaa iliyolowekwa muda mrefu huwa laini na hushika vizuri kuliko ile ya haraka. Lipu yake hupigwa kwa tabaka nyembamba, kila tabaka ikafunikwa kwa magunia mabichi isikaushwe na jua kabla haijakomaa. Umaliziaji uwe wa chokaa ya maji, si rangi ya plastiki. Na kila fundi mzee awekewe vijana wawili wa pale pale, walipwe, kwa sababu kuta hizi zitahitaji mkono tena na tena hata baada ya sisi kuondoka.

Paa na mifereji ya maji vitangulie kuta, na mhandisi wa miundo atangulie vyote. Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la Sultan Barghash pale Forodhani, Unguja, iliporomoka wakati kazi ya ukarabati ikiendelea, na watu wawili wakafa. Kila ninapoona kamati ikijadili rangi ya mapazia kabla ya kenchi kupimwa, hulikumbuka jambo hilo na kuomba kikao kirudi kwenye paa, maana mchwa na popo huwa wamefanya kazi kubwa huko juu pasipo mtu kujua.

Kuhusu sanaa yenyewe, kumbukeni kwamba kanisa la mawe lina mwangwi mrefu. Ala za taarab kama udi, kanuni na fidla, pamoja na kwaya, hupendeza mno ndani yake, lakini ngoma nzito hugeuka kuwa mngurumo, na maneno ya mwigizaji hayasikiki. Sisi tumepeleka ngoma uani, na kwa maigizo tunatundika mapazia mazito na kutandika mikeka. Jukwaa letu ni la mbao, linasimama kwa miguu yake lenyewe, na hakuna msumari uliopigwa ukutani wala sakafuni. Kanuni hiyo ya kuongeza bila kuumiza mtaiona hata kwenye kazi kubwa: kanisa la St Luke's la London, lililoondolewa paa mwaka 1959 kwa sababu ya misingi iliyokuwa ikizama, lilifunguliwa tena mwaka 2003 kuwa kituo cha muziki cha London Symphony Orchestra, na paa lake jipya limebebwa na nguzo za chuma zilizosimamishwa ndani, ili kuta za kale zisielemewe.

Majirani nao ni sehemu ya jengo. Katika miji yetu wengi wao ni Waislamu, nasi tuliwaalika wazee wa msikiti wa jirani katika vikao vya mwanzo. Hatupigi muziki wakati wa adhana, jioni za Ramadhani ukumbi ni wa mazoezi ya kimya na darasa la uchoraji, na pombe haiingii kabisa. Kama mahali pana historia ya maumivu, msiifunike kwa burudani. Kanisa kuu la Mkunazini, Zanzibar, lilianza kujengwa mwaka 1873 palipokuwa soko la watumwa, na ukarabati wake uliokamilika mwaka 2016 uliambatana na kituo cha urithi kinachoieleza biashara hiyo bila kuipamba. Nawaheshimu sana waliofanya uamuzi huo.

Vibali vya Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA) na vya halmashauri vina taratibu zake, na Afisa Utamaduni wa wilaya atawaelekeza. Fedha ndizo zinazohitaji nidhamu zaidi. Mfadhili hupenda kulipia ukarabati, lakini ni nadra kulipia kuzibua mfereji. Kwa hiyo tulikubaliana tangu siku ya kwanza kwamba sehemu ya kila shilingi inayoingia, iwe ya ada ya darasa au ya kukodisha ukumbi, inakwenda kwenye akaunti ya matengenezo ambayo haiguswi pasipo saini ya parokia na ya wasanii kwa pamoja. Kila mwaka, kabla ya masika, fedha hizo hulipia fundi apande juu ya paa, asafishe mifereji, akague kenchi na kuzipaka kuta chokaa upya pale zilipochubuka.