Waanze na Mabomba, Mchoro Utafuata

Kwa miaka kadhaa nilifundisha friji kwa chaki. Nilichora kompresa (pampu ya gesi), kondensa (panapotoka joto), ekspansheni vali (tundu jembamba la kupitisha kimiminika) na evaporeta (panapopoza), nikaweka mishale, na kwenye mtihani wanafunzi wakanirudishia mchoro ule ule bila kosa. Siku moja nikawapeleka kwenye friji inayosumbua. Bomba la kurudi kompresa limeota barafu, geji ya upande wa shinikizo la chini imeshuka. Darasa zima likasema, "Ongeza gesi, mwalimu." Gesi ilikuwa tele. Kilichokufa ni feni ya evaporeta.

Niliumia, maana kosa lilikuwa langu. Sasa naanzia kwenye benchi la mafunzo: gesi ya R134a, geji mbili, feni zenye swichi zake, na vioo vya kuchungulia kwenye mabomba. Kabla sijawasha, kila mmoja anaandika kila bomba litakuwa moto au baridi, na kwa nini. Kisha wanagusa. (Bomba linalotoka kompresa linaunguza, hilo tunalipima tu.) Kwenye vali ndipo wanaposhangaa. Huku vuguvugu, vidole viwili mbele baridi kali, na hakuna barafu wala feni hapo. Kimiminika kimepita kwenye tundu jembamba, shinikizo limeshuka, sehemu yake imechemka na kunyonya joto la kilichobaki. Povu wanaliona wenyewe kiooni.

Zoezi ninalolithamini kuliko yote ni la kutengeneza hitilafu. Naziba uso wa evaporeta kwa kadibodi. Geji inateremka hadi bar 1, na jedwali la R134a linaonyesha kwamba hapo inachemka kwenye nyuzi 10 hivi chini ya sifuri. Bomba la kurudi linasoma nyuzi 8 chini ya sifuri. Tofauti hiyo, ambayo mafundi huiita supahiti, ni nyuzi 2 tu: kimiminika kinakaribia kuingia kompresa. Siku nyingine naliendesha benchi likiwa na gesi pungufu. Geji ni bar 1 vilevile, lakini bomba linasoma nyuzi 8 juu ya sifuri. Supahiti 18. Evaporeta ina njaa ya gesi.

Hapo mwalimu nyamaza. Waache wabishane hitilafu ni ipi, hata kama kipindi kinaisha. Wakati mmoja mabishano yalikwisha pale binti mmoja alipoweka kiganja mbele ya evaporeta na kusema, "Hewa haipiti." Hakutazama geji kabisa.

Kama huna pesa ya benchi, friji kuukuu iliyofungwa geji inatosha, mradi isiwe ya R600a. Gesi hiyo inawaka moto, si ya wanaoanza. Na gesi yoyote mnayoitoa, ikusanyeni kwenye mtungi, msiiachie hewani. Bajeti ikiruhusu kifaa kimoja tu zaidi ya geji, nunua kipimajoto cha kubana kwenye bomba.