Mlango mmoja, barua saba

SWALI: Kaka, shikamoo. Naishi Minneapolis. Tulikuwa wanne, tukicheza Dungeons & Dragons kila Ijumaa kwenye meza ya jikoni kwangu. Ni mchezo wa hadithi: msimamizi anasimulia, kila mchezaji anasema mhusika wake anafanya nini, na dadu linaamua kama amefaulu. Msimamizi nilikuwa mimi. Sasa mmoja amerudi Mwanza, mwingine amepata kazi Muscat, wa tatu yuko London. Tunajaribu kuendelea kwa barua pepe, lakini hii ni wiki ya tatu tumekwama mbele ya mlango wa ngome. Mmoja anauliza kama umefungwa, namjibu. Mwingine anauliza kama kuna sauti ndani, namjibu. Barua saba zimekwenda na mlango haujafunguliwa. Isitoshe, mwenzetu wa Muscat anasema haamini dadu ambalo hakuliona likianguka. Tuache tu?
Msomaji, Minneapolis

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Msiache. Mnachelewa kwa sababu mnaandikiana vilevile mlivyokuwa mkiongea mezani. Pale jikoni swali na jibu lilikuwa jambo la sekunde mbili. Kwa barua kila swali linakula siku mbili. Yamenikuta. Katika mchezo wangu wa kwanza wa barua pepe, pigano na fisi watano lilianza siku chache kabla ya Ramadhani, na Idi ya kuchinja ikatukuta fisi wawili wangali hai. Wachezaji wawili walikuwa wameshajitoa, na hadi leo naumia nikikumbuka, maana hadithi yao ilikuwa nzuri.

Dawa niliipata kwa wachezaji wa Diplomacy. Mchezo huo wa ubao, uliobuniwa na Allan Calhamer, ulitoka mwaka 1959, watu saba wakigombea Ulaya, na mwaka 1963 John Boardman wa New York akaanza kuuendesha kwa posta kupitia kijarida chake, Graustark. Barua ikitembea siku kadhaa, huwezi kuuliza kila kitu. Ikawa desturi kutuma amri zenye masharti: jeshi langu likifukuzwa hapa, lirudi kule. Asiyeleta amri kwa siku iliyopangwa, majeshi yake yalibaki yalipo, na wenzake wakaendelea.

Basi wewe msimamizi, toa yote ambayo mtu mwenye macho na masikio angeyajua, kwa mkupuo mmoja. Kwa mfano: “Mlango ni wa mninga, umefungwa kwa komeo la ndani. Ndani kuna mtu anakohoa, mmoja tu. Kulia kuna kidirisha ambacho mtoto anaweza kupenya. Kila mmoja aniambie anafanya nini, akishindwa atafanya nini, na jambo gani litamfanya akimbie.” Utaletewa jibu kama hili: “Nagonga, najifanya mchuuzi wa chumvi. Akifungua, naweka mguu. Nikihesabu hadi hamsini hajafungua, nampandisha mwenzangu dirishani. Nikisikia mtu wa pili, naondoka.” Barua hiyo moja inakupa kurasa mbili za kusimulia, nawe huhitaji kumrudia kumuuliza chochote.

Pangeni siku ya mwisho isiyobadilika. Jumapili saa tatu usiku ya Mwanza ni saa nne Muscat, jioni London, na kwako ni mchana. Asiyeandika, mhusika wake anafuata wenzake na hafanyi jambo la hatari. Mkubaliane hilo kabla, mtu asije akalalamika.

Kuhusu dadu, mwenzenu ana haki. Wachezaji wa michezo ya vita ya mezani kwa posta, waliotumia utaratibu wa Avalon Hill, kampuni iliyochapisha michezo hiyo, walichukua namba kwenye gazeti: mtu anataja hisa ya kampuni fulani na tarehe ambayo bado haijafika, siku hiyo wanatazama mauzo ya hisa ile, tarakimu ya mwisho ndiyo dadu lao. Hakuna aliyeweza kudanganya, kila mtu alikuwa na gazeti lake. Nanyi mnaweza kufanya hivyo kwa mapigo makubwa, yale ya kufa na kupona. Mengine rusha mwenyewe na uandike namba ndani ya barua, hata ikiwa 1, namba mbaya kuliko zote, na roho inakuuma. Ukificha mara moja tu, wataanza kutilia shaka na zile za nyuma.

Kuna jambo moja ambalo meza ya jikoni haikuwahi kuwapa: siri. Pale, ukimnong’oneza mmoja, wote wanageuka. Kwa barua unaweza kumwandikia mtu peke yake yale ambayo mhusika wake tu ameyaona, na wengine wakakaa miezi bila kujua. Mimi napenda barua hizi kuliko pigano lolote. Zinamfanya mtu afungue sanduku lake la barua asubuhi kabla ya chai.

Anza na huyo wa Muscat. Mwandikie leo, yeye peke yake, kwamba kikohozi kile nyuma ya mlango anakifahamu.