Kumkaribisha Muajemi chakula: "befarmaid" ya mara moja haitoshi

Kaka uliyeuliza namna ya kuwakaribisha chakula wakwe wa mwanao watakaokuja Mombasa kutoka Isfahan, Iran, mimi ni mtu wa Tanga na nimekaa Shiraz, huko huko Iran, miaka minne nikisoma. Swali lako limenigusa, maana kwenye jambo hilo hilo la kukaribisha ndipo nilipomkosea mtu niliyemheshimu sana.

Neno lenyewe la Kiajemi ni befarmaid, na hiyo "a" ya "ma" uivute. Limetoka kwenye kitenzi chenye maana ya kuamuru, kwa hiyo ni kama unamwambia mgeni "amuru wewe". Ndilo karibu yao ya kila kitu: pita ndani, keti, chukua, haya sema nakusikiliza. Hata ukiwa unakula mwenyewe kibarazani mtu akapita, utamwambia befarmaid naye atakujibu nush-e jan, kama sisi tunavyosema "karibu" tukajibiwa "starehe". Chakula kikishaiva sema Sham hazere, befarmaid, yaani chakula cha usiku tayari, karibuni. Mkishakaa, Meyl befarmaid, ndiyo "kuleni" ya heshima. Usimwambie mkwe bokhor. Hiyo ni "kula" ya kumwambia mtoto au rafiki mliyezoeana, na kwa mzee inakwaruza masikio.

Maneno hayo utayashika kwa siku moja, tena sisi wa pwani "kh" na "gh" hazitusumbui. Kazi iko kwingine.

Mwaka wangu wa kwanza, mama wa mwanafunzi mwenzangu alikuja kututembelea kutoka mji mwingine, safari ya saa nyingi kwa basi. Nilikuwa nimepika pilau ya kwetu kwa ajili yake. Nikamuuliza kama atakula. Akatabasamu, akaweka mkono kifuani, akasema "Na, merci, sarf shode", yaani hapana, ahsante, tumeshakula. Nikamsadiki, nikarudisha sinia jikoni, nikaleta chai. Kesho yake binti yake akanieleza kwa upole kwamba mama yake alikuwa hajala tangu asubuhi, na walipotoka kwangu walinunua mkate njiani. Niliumia mno.

Jambo hilo wanaliita taarof. Neno lina asili ya Kiarabu, mzizi mmoja na taarifa na maarufu zetu, lakini kwao limebeba adabu nzima ya kupeana heshima. Mgeni anakataa ili asikulemee. Wewe unasisitiza ili ajue hakulemei. Anakataa tena, unasisitiza tena, ndipo anapokubali, na hapo kila mmoja amemheshimu mwenzake. Kukataa kwa kwanza ni salamu tu. Mimi niliipokea ile salamu kama jibu.

Kwetu tunasisitiza pia, ila tunaanzia mahali pengine. Tanga mgeni haulizwi kama atakula. Anashtukia maji ya kunawa yako mbele yake. Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba ubaki na desturi yako. Usiulize. Andaa, weka, kisha sema befarmaid. Wakisitasita waambie Taarof nakonid, khune-ye khodetune: msione haya, hapa ni kwenu. Sahani ikianza kuonekana chini waambie Bazam bekeshid, pakueni tena. Wakikataa, rudia baada ya muda kidogo, kwa uso mkunjufu.

Na kuacha je? Hakuna hesabu iliyoandikwa, lakini mimi nilizoea kwamba baada ya mara ya tatu unasikiliza sauti. Mtu akikupa sababu, sukari, tumbo, dawa, hiyo ni hapana ya kweli, usimtese. Akisema sir shodam, nimeshiba, huku ameshaweka kijiko na kusogea nyuma, mwachie. Kumjazia mtu sahani kwa nguvu si taarof, ni kumuudhi.

Ukipika wali, usiutupe ukoko wala usiwape watoto jikoni! Kwao unaitwa tahdig, chini ya sufuria, na ndio kitu cha fahari mezani. Uukaushe vizuri na mafuta, uugeuze mzima kwenye sahani, uanze kuwapa wageni. Nakwambia utawafurahisha kuliko nyama. Pilipili iweke pembeni, maana watu wa Isfahan hawakuizoea kama sisi. Weka kijiko na uma kwa kila mmoja, kwa sababu wali wanaula kwa kijiko. Chai iwe ya rangi, na sukari ya vipande kando. Wapo wanaobana kipande kwa meno na kunywa chai juu yake.

Wataanza kumshukuru mpishi: Dastetun dard nakone, mkono wako usiume. Mke wako ajibu Nush-e jan, au Sar-e shoma dard nakone, kichwa chako kisiume. Na mtu akikaa amekupa mgongo atakuomba radhi. Mjibu Gol posht-o-ru nadare, ua halina mgongo wala uso. Siku niliyolisema hilo kwa mara ya kwanza, babu mmoja alisimama akaja kunibusu kichwani.

Yule mama nilimwona tena mwaka uliofuata, nyumbani kwake. Nilikataa chakula mara mbili, kama nilivyofundishwa, na ya tatu nikakubali. Akacheka hadi machozi, akanipakulia tahdig yote ya juu.

Wakiaga watakwambia Zahmat dadim, tumewasumbua. Jibu ni Che zahmati, shoma rahmatid: usumbufu gani, ninyi ni rehema. Jizoeze hilo na mkeo kabla hawajafika. Na baada ya kuagana sebuleni mtaagana tena mlangoni, kisha tena kwenye gari, kwa hiyo usiwahi kufunga geti.