Intani wa uhusiano wa umma: niliyokutana nayo ndani ya miezi sita

Wadogo zangu mnaotafuta nafasi za intani saa hizi nawaandikia nyinyi, maana meseji za "dada hivi PR mnafanyaga nini hasa" nazipata sana, PR ndo huo uhusiano wa umma. Mimi nilifanya miezi sita kwenye kampuni moja hapa Dar, jina silitaji, nimetoka tu chuo na hakuna aliyenieleza naenda kukutana na nini.

Hela kwanza. Nilipewa nauli tu, elfu tano kwa siku, nakaa Mbagala ofisi iko Masaki, yani magari mawili kwenda mawili kurudi na chakula cha mchana humohumo. Kabla hujakubali uliza nauli ni shingapi na inatoka kila wiki au mwisho wa mwezi. Mimi niliona aibu kuuliza, mwezi wa kwanza wote nikaishi kwa kumkopa mama.

Asubuhi kazi yangu ilikuwa magazeti. Saa moja na nusu nimeshafika, napitia Mwananchi, Nipashe, HabariLeo, Daily News, The Citizen, nikikuta tumetajwa au washindani wetu wametajwa nakata na mkasi, nabandika kwenye karatasi ya A4, juu naandika jina la gazeti, tarehe na ukurasa, saa tatu faili liko mezani kwa bosi. Wiki mbili za mwanzo iliniuma kweli, nikajiona digrii yangu imeishia kwenye gundi. Ila jamani pale ndo nilipojua mwandishi gani anaandika biashara na nani anaandika afya, na kwamba habari ya kampuni isiyo na namba wala mtu wa mtaani ndani yake inaishia kona ya chini kama ikitoka. Kwa hiyo ukipewa magazeti usikate tu, soma.

Sasa kosa langu. Niliandika mwaliko wa waandishi, nikaweka Jumatano tarehe 15, kumbe 15 ni Alhamisi. Waandishi watatu wakaja Jumatano wakakuta ukumbi umefungwa, na mmoja alitokea Kibaha. Bosi akanisema mbele ya ofisi nzima, na hapo mpaka leo naona hakunitendea haki maana mwaliko aliusoma na kuusaini yeye, ila kosa lilikuwa langu na nililibeba. Niliwapigia mmoja mmoja kuwaomba radhi kabla hawajanipigia wao, na yule wa Kibaha ndo mwandishi anayepokea simu yangu haraka kuliko wote mpaka leo. Toka siku ile siku na tarehe naziangalia kwenye kalenda ya simu, halafu cheo cha mgeni rasmi napiga ofisini kwake niulize wanakiandikaje, kwa sababu uteuzi unatangazwa usiku na asubuhi mtu ana cheo kingine.

Na picha. Zile za kukabidhi mfano wa hundi zinaonekana rahisi, lakini usipoandika majina watu wakiwa bado wamesimama, jioni utakaa na picha ya watu sita hujui "wa pili kulia" ni nani na mhariri anaisubiri.

Kuna suala la nauli za waandishi pia, yani hela ya usafiri wanayopewa wakija kwenye shughuli yenu, intani ndo anashikishwa daftari la kusainisha. Hakikisha kila shilingi ina saini, na usimwambie mtu kwamba kwa vile amepokea basi habari lazima itoke, hiyo ni kumvunjia heshima.

Mwezi wa nne aya niliyoandika mimi ilitoka gazetini kama ilivyo, haijaguswa hata koma. Nilinunua nakala mbili Posta kabla sijapanda gari. Jina langu halipo popote pale, lakini mama akachukua mkasi akaikata, akaiweka kwenye bahasha ya vyeti vyangu.