Forester, X-Trail au CX-5 kwa njia ya Malindi na Marafa

Waaleikum salaam dadangu, na karibu Malindi. Umeuliza uchukue lipi kati ya Subaru Forester, Nissan X-Trail na Mazda CX-5 za kati ya 2014 na 2018, ukiwa na watoto watatu, mama mkwe wa kumtembelea Marafa kila mwisho wa wiki, na safari ya Mombasa mara mbili kwa mwezi. Majibu uliyopata mpaka sasa yamebishania mafuta na bei ya kuuzia baadaye. Njia yenyewe ya Marafa hakuna aliyeigusa, na hiyo ndiyo itakayokuamulia.

Mimi nilikuwa na X-Trail kwa miaka minne, na Forester huu ni mwaka wa tano. CX-5 ni ya shemeji yangu, lakini nimeiendesha kwenda Mombasa na kurudi mara nyingi kuliko yeye. Kwa safari zako ningechukua Forester. Sababu yangu ni namna inavyopeleka nguvu magurudumu ya nyuma.

Ila kabla ya kulinganisha, hakikisha kwanza gari unaloonyeshwa ni 4WD kweli, yaani injini inasukuma magurudumu yote manne. X-Trail na CX-5 nyingi zilizoingia nchini ni za kuvuta mbele tu, na kwa nje huwezi kuzitofautisha. Yadi moja Mombasa ilinionyesha X-Trail safi, muuzaji akaniapia kuwa ni 4WD. Nikalala chini na tochi ya simu: hakuna propela shafti, hakuna difu nyuma, yaani hakuna kinachopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma. Nilisimama nikajifuta vumbi nikaondoka. Hata bila kulala chini, soma namba ya chesisi. X-Trail ya miaka hiyo ikianza na T32 ni ya magurudumu mawili. Ya 4WD huanza na NT32, na haibridi yake ni HNT32. CX-5 ya umbo la kwanza ukiona KEEFW ni ya kuvuta mbele, KEEAW ni ya 4WD. Ile herufi F au A ndiyo yenye habari. Forester ya Japani ya miaka hiyo, SJ5 au SJG yenye tabo, zote ni 4WD. Hapo tu umeshapunguza mashaka.

Sasa njia yenyewe. Ukivuka daraja la Sabaki, ukafika Mambrui na kukata kuelekea Marafa, kiangazi utapambana na vumbi na mchanga mwepesi, masika utapambana na utelezi. CX-5 na X-Trail ikiwa kwenye AUTO hutembea kwa magurudumu ya mbele muda mwingi, na ya nyuma huitwa kusaidia gari linapohisi kuteleza. X-Trail ina swichi ya kuzungusha yenye LOCK, ambayo kwa mwendo mdogo hugawa nguvu mbele na nyuma. CX-5 haina kitu hicho. Unaiachia kompyuta iamue. Forester haisubiri kuteleza, nyuma kunasukumwa wakati wote. Zenye kitufe cha X-Mode hubana zaidi gurudumu linalozunguka bure, ila ujue chombo hicho ni cha mwendo wa polepole: ukipita kilomita 40 kwa saa kinajizima.

Tofauti hiyo niliielewa siku nilipowapeleka wanangu ufuoni Mambrui na ile X-Trail. Nilikuwa kwenye AUTO, tairi zimejaa upepo PSI 33 kama za lami, na sikufikiria lolote. Nilipopunguza mwendo ili nigeuze, magurudumu ya mbele yalianza kuchimba, nami nikakanyaga mafuta. Gari likakaa tumbo. Kosa lilikuwa langu, la LOCK na la tairi pia. Vijana wa ufuoni walikuja na majembe na makuti, tukatoa upepo mpaka PSI 18, nikazungusha swichi kwenye LOCK, likatoka lenyewe bila kusukumwa. Tangu siku hiyo pampu ndogo ya kuchomeka kwenye gari haitoki kwenye buti. Nimepita pale pale na Forester mara nyingi. Sikwambii haikwami, kila gari hukwama, lakini inakupa nafasi ya kugundua kosa lako kabla mchanga haujafika kwenye bodi.

Urefu kutoka ardhini: Forester milimita 220, CX-5 210, X-Trail 205. Kwa karatasi ni kidogo. Ukiwa na watu watano na gunia la mahindi la kutoka kwa mama mkwe, ndipo utakapozihesabu.

Na tairi, dadangu, tairi ni nusu ya gari. CX-5 nyingi nzuri nzuri zimefungwa rimu za inchi 19, tairi 225/55R19. Zinapendeza sana, lakini ukuta wa tairi ni mfupi, na jiwe la njia ya Marafa linaupata kwa urahisi. Ukiangukia CX-5, tafuta yenye 225/65R17, utaona hata mgongo wako unashukuru. Jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi: kwenye gari la 4WD, hasa Subaru, tairi nne ziwe za saizi moja na zimelika sawasawa. Ukiweka mbili mpya na mbili za zamani, magurudumu yanazunguka kwa mwendo tofauti saa zote na klachi ya kugawa nguvu inachakaa ikijaribu kusawazisha. Ukiona Forester yadini ina tairi za aina mbili tatu, muulize muuzaji imetembea hivyo muda gani, kisha ipeleke eneo wazi, kata kona kali polepole na usikilize kama inashtukashtuka kama iliyofungwa breki. Na likiharibika njiani, libebwe juu ya lori. Lisivutwe magurudumu mawili yakiwa juu na mawili chini.

Lami nayo haki yake niiseme. Malindi hadi Mombasa, kilomita kama 120, CX-5 ndiyo tamu kuliko zote tatu. Usukani wake uko sawasawa, na ina giaboksi ya kawaida ya gia sita, si CVT, ile ya mkanda isiyo na gia za hatua, kama wenzake. Kama usingekuwa na Marafa ningekwambia chukua CX-5 ya petroli ulale usingizi. Ya dizeli iache. Ina chujio kwenye ekzosi ambalo lazima lipate joto la safari ndefu ili lichome masizi, na safari zako nyingi zitakuwa nyumbani, shule, soko, nyumbani. Litaziba.

X-Trail na Forester zina CVT. Zinadumu ukizitunza, ila usikubali fundi akuwekee oili ya giaboksi “inayofanana.” X-Trail hiyo inataka NS-3, Subaru ina yake. Nilipokuwa na X-Trail fundi mmoja alitaka kunimiminia ya galoni lisilo na jina. Nilimzuia akiwa ameshika mpira mkononi. Kwa Forester, chungulia dipstiki ya oili ya injini kila wiki mbili, kwa maana injini za Subaru za aina ya FB, zile za mwanzo, zilijulikana kula oili. Yangu hunipa kilomita 10 hadi 11 kwa lita, na plagi zake ziko ubavuni kwa hiyo fundi atakutoza zaidi kuzibadilisha. Hayo nimeyakubali.

Kutu ndiyo inayoua magari hapa petu, nayo haijali jina. Upepo wa bahari unaleta chumvi usiku na mchana, na ukipita kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni kukiwa na maji barabarani, unairusha mwenyewe chini ya gari. Osha chini kila wiki, kwa maji ya mfereji yatokayo Baricho, si ya kisima cha chumvi. Tena, 4WD nyingi za Japani hutoka mikoa ya theluji ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi, kwa hiyo gari linaweza kushuka Kilindini likiwa tayari limeliwa chini na juu linang’aa. Gonga chesisi kwa bisibisi. Angalia mabomba ya breki na sehemu shokabzoba za nyuma zinaposhikia. Rangi nyeusi mbichi iliyopakwa chini ya gari zima ni ya kutiliwa shaka.

Ukitaka kuagiza mwenyewe, kumbuka sheria ya Kenya kuwa gari la kuagizwa lisizidi umri wa miaka minane. Nyingi za miaka uliyotaja zimeshapita umri huo, kwa hiyo utazipata hapa hapa kwa mkono wa pili tu.

Umesema pia unafikiria X-Trail ya viti saba ili mama mkwe na watoto wote waenee. Ile safu ya tatu ni ya watoto wadogo, na ukiisimamisha buti linakwisha. Mama yangu mzazi ana magoti mabaya. Kwenye Forester anafungua mlango, anageuka, anakaa, kisha anavuta miguu ndani bila kushikwa, maana kiti kiko usawa wa nyonga na mlango unafunguka wazi sana. Kwa hiyo siku ya kwenda kuangalia gari, ukiweza mchukue bimkubwa wa Marafa naye aende. Mwache apande na kushuka mwenyewe mara mbili kila gari, wewe ukiwa umelala chini na tochi yako.