Barua kwa mwanangu: ngoma yangu ilikuwa ipi?

Katuba, Lubumbashi

Mwanangu, mama yangu mdogo,

Sauti uliyonitumia Jumapili usiku nimeisikiliza mara tatu, maana mara ya kwanza honi za Kinshasa zilimeza nusu ya maneno yako. Unasema mwalimu mgeni aliyepita hapo mnapofanyia mazoezi alikutazama siku mbili, kisha akakwambia mbele ya wenzako kwamba unacheza kila kitu lakini huna ngoma yako. Ukaniuliza: "Mama, na wewe ulicheza kila kitu. Yako ilikuwa ipi? Na mimi niache ndombolo?" Ningekupigia, lakini unanijua, uniti zingekwisha kabla sijafika kwenye jambo. Basi nimekaa mezani, mguu wa kushoto nimeunyoosha juu ya kiti kwa ajili ya hili goti, naandika.

Kwanza nikutoe kwenye ndoto. Sikucheza ngoma nyingi kwa sababu ya kipaji. Kila mahali palipokuwa na bukari, ugali wetu huu, palikuwa na ngoma yake, na mimi nilikuwa na njaa.

Nilianza kwa kulazimishwa. Mwaka 1975 nilikuwa na miaka 12, na shuleni, kabla hatujaingia darasani, tulikuwa tunaimba na kucheza sifa za Mobutu na chama chake cha MPR. Hiyo iliitwa animasio. Wafanyakazi nao walicheza kazini kwao, watu wazima wenye mvi. Siku akija mkubwa kutoka Kinshasa tulipelekwa uwanja wa ndege wa Luano tangu alfajiri, tumefunga vitenge vyenye sura yake, tunangoja ndege. Jua linapanda, midomo inakauka, na ole wako ukae chini, kitenge kitakunjamana. Ninyi mnacheka mkiona picha zile. Cheka tu, na mimi nacheka siku hizi, ingawa kulikuwa na mambo kule, hasa kwetu wasichana, ambayo hayachekeshi. Hayo nitakwambia tukiwa wawili, si kwenye karatasi.

Lakini palikuwa na mzee mmoja aliyetupanga. Sijawahi kumwona akicheza hata hatua moja. Kazi yake ilikuwa filimbi na macho. Siku moja alitaka mstari wetu, wasichana 20 bega kwa bega, ugeuke kama mlango unaofunguliwa. Tukageuka, ukakatika kama uzi wa shanga. Tukarudia, ukakatika tena. Akaja kwangu, mimi nilikuwa wa mwisho kabisa upande wa nje, akanishika bega: "Wewe unakimbia, lakini mtu asione kwamba unakimbia." Akaenda upande wa ndani kabisa, kwa msichana mmoja mnene aliyekuwa anahema: "Wewe huendi popote. Kanyaga hapohapo, geuka tu." Waliobaki akawaambia wasihesabu hatua zao, wamtazame jirani kwa pembe ya jicho. Akapiga filimbi. Mlango ukafunguka.

Usiku ule nilichukua ungo wa kambo, bibi yako, nikapanga punje za mahindi 20, nikaanza kuzigeuza kwa kidole. Kambo akadhani nachagua mahindi ya kusaga, akanisifu kwa bidii. Hiyo, kupanga wachezaji, ndiyo kazi niliyoifanya maisha yangu yote, ila wakati ule sikujua kama ina jina. Na wewe unaukumbuka ungo uleule: maharage wanawake, mahindi wanaume. Ulipokuwa na miaka mitatu ulinilia bwana harusi mzima.

Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu akatangaza vyama vingi, na animasio ikafa hapo. Nilikuwa na miaka 27 na sikujua kazi nyingine. Nikaingia orkestra, moja ya zile zilizopiga kwenye nganda, baa za mitaa yetu ya Kamalondo na Kenya, wasichana wanne nyuma ya wapiga gitaa, kwenye mbao zilizopangwa juu ya kreti za bia. Huko nilijifunza kusikiliza. Kwenye animasio muziki ulikuwa unakungoja. Kwenye seben, pale gitaa linapokimbia na watu wanacheza, haungoji mtu: gitaa linabadilika, atalaku, yule mpaza sauti wa bendi, anapaza jina la mtindo, na wewe mwili uwe umekwisha kufika. Ukisubiri kusikia neno ndipo utikisike, umechelewa. Nilijifunza kumtazama mpiga gitaa mkono wa kushoto. Vidole vikipanda shingo ya gitaa, mimi najua kinachokuja kabla ya atalaku mwenyewe.

Pesa zilikuwa nyingi na hazikuwa kitu. Watu walitubandika noti kwenye paji la uso mpaka jasho likazibeba zote. Mwaka 1993 zaire mpya moja, pesa yetu ya wakati ule, ilibadilishwa kwa zaire za zamani milioni tatu, na bulungutu nililokuwa nimeficha chini ya godoro halikutosha kununua sabuni ya maana. Tangu hapo sihifadhi pesa, nahifadhi mabati.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo sikuwahi kukusimulia.

Hapa Lubumbashi, ukitaka kula kwa ngoma, lazima ujue ngoma ya mutuashi. Wenyewe ni Waluba wa Kasai, lakini harusi za hapa huwa na familia mbili, na mara nyingi moja imetoka Kasai. Tena Tshala Muana, aliyeipeleka mutuashi duniani, alizaliwa papa hapa mwaka 1958, mji ukingali unaitwa Élisabethville, na alianza kama mchezaji nyuma ya mwimbaji M'Pongo Love kabla hajashika maikrofoni. Sisi wasichana wa jukwaani tulimtazama yeye. Nilidhani naijua mutuashi. Nilikuwa nazungusha kiuno, watu wanapiga kelele, mimi natabasamu.

Mwenzangu mmoja kati ya wale wanne alikuwa Muluba, wazazi wake wanaishi Likasi. Kila siku alikuwa ananicheka: "Wewe unakoroga uji." Kisha ukaja ule mwaka wa 1992. Watu wa Kasai wakafukuzwa katika miji ya Katanga, watu waliozaliwa humu na baba zao wamezikwa humu. Likasi na Kolwezi walilala stesheni majuma kwa majuma, na watoto na sufuria, wakingoja treni. Mwenzangu alikuwa ameenda kwa wazazi wake, hakurudi. Nikapanda gari kwenda Likasi na bukari na sombe, majani ya muhogo, kwenye beseni, nimefunika kwa kitambaa. Sikutembea mbele mbele kama shujaa, usidhani. Niliogopa kuonekana nawapelekea chakula.

Nilimkuta amekaa juu ya godoro lililofungwa kamba. Tulikula bila kusema. Halafu, mwanangu, akasimama, pale katikati ya vyombo na harufu ya mkojo, akavua kandambili. Akaniambia nivue na mimi. Akaweka mguu wake juu ya mguu wangu, uzito wote, akasema: "Kiuno hakizunguki. Unasukuma ardhi kwa kisigino, hiki halafu hiki, na ardhi ndiyo inakusukuma. Kiuno kinapita njia tu." Akasukuma. Nikasikia kwenye nyonga yangu kitu ambacho sikuwahi kukisikia miaka yote ile. Mama yake akamfokea akae chini, watu wako kwenye msiba na yeye anacheza. Akakaa. Jioni nikarudi Lubumbashi. Sikumwona tena mpaka leo.

Nimefundisha mutuashi miaka 30 tangu siku ile, na sijafundisha kiuno hata mara moja. Nafundisha kisigino.

Mengine nitayapitisha haraka, mengi umeyaona. Harusi, nimewaingiza maharusi ukumbini sijui mara ngapi. Parokia, nilipanga wasichana wa kutoa sadaka, na padri mmoja alinipimia hadi urefu wa sketi. Shule. Kampeni, ndiyo, hata kampeni, vyama viwili katika uchaguzi mmoja. Usinihukumu, ulikuwa unadaiwa ada.

Kisha miaka ya 2000 nikaalikwa kwenye mafunzo ya ngoma za kisasa, huko mjini. Mimi mama wa miaka 40 kati ya vijana. Tukaambiwa tucheze bila muziki. Nikacheka mpaka nikatoka nje kunywa maji. Niliporudi kijana mmoja alikuwa anatembea polepole kuelekea ukutani, basi, anatembea tu, na nikashindwa kumwondolea macho. Nikaona yule mzee wa filimbi: kuna anayekimbia, kuna anayekanyaga palepale, na macho ya mtazamaji yanakwenda kwa yule asiyesogea. Kwa hiyo sikuanza upya. Ila goti liliniishia huko, kwenye ukumbi wenye vigae juu ya saruji tupu, tukiruka saa sita kwa siku. Waliotualika hawakulipa daktari wala siku zile za mazoezi. Saruji hairudishi kitu. Ukiruka, nguvu yote inabaki kwenye ugoko na goti lako. Mbao zilizowekwa juu ya vipande vya mpira zinapokea, ardhi inapokea, mchanga unapokea hata zaidi ingawa unachosha vigimbi vya miguu. Ukifika mahali papya, kabla hujasalimia mtu, gonga sakafu kwa kisigino usikilize.

Sasa mwalimu wako. Sitamtukana. Ameona kitu cha kweli: ukiwa na miaka 24 unacheza ngoma saba na zote unazicheza kwa uso uleule, ule wa kwenye klipu. Hilo hata mimi nimeliona kwenye video zako, nikanyamaza. Lakini dawa yake, ya kuchagua moja na kutupa sita, siikubali. Mtazame Germaine Acogny, mchezaji na mwalimu wa ngoma. Alizaliwa Benin mwaka 1944, akakulia Senegal, akasomea mazoezi ya mwili huko Paris, akafungua shule yake ya ngoma Dakar mwaka 1968. Alichukua urithi wa bibi yake, ngoma za Afrika Magharibi, na balé ya Wazungu, akavikalisha kwenye mgongo mmoja, uti wa mgongo anaouita nyoka wa uhai, na leo duniani wanafundisha mbinu yenye jina lake. Shule nyingine ya ngoma, Mudra Afrique, aliyoiongoza Dakar tangu 1977 ilifungwa 1982. Akaenda Ulaya, akarudi, akajenga shule ya École des Sables pale Toubab Dialaw, Senegal, watu wanacheza juu ya mchanga. Tuzo ya Simba wa Dhahabu ya Venice alipewa mwaka 2021, ana miaka 77. Hesabu miaka hiyo, kisha uniambie wewe umechelewa wapi.

Na kuhusu ndombolo, uliza hao hao wa ngoma za kisasa wanamsema nini Faustin Linyekula. Mpanga ngoma wa kwetu Kongo, mtoto wa Ubundu, alianzia kwenye teatri na vitabu, mwaka 1997 akaanzisha kundi la Gàara huko Nairobi na wenzake, 2001 akaanzisha Studios Kabako Kinshasa, baadaye akaihamishia Kisangani. Ameonyesha kazi zake kwenye majukwaa makubwa ya Ulaya. Mwaka 2009 alimchukua Flamme Kapaya, mpiga gitaa aliyekuwa akimpigia Werrason, mwimbaji wa ndombolo, akamweka katikati ya mchezo wake. Hakuona haya ya ndombolo. Na wewe usione. Kazi ya klipu waliyokupa ichukue, ila udai nusu ya pesa kabla ya siku ya kupiga picha, na mkataba hata kama ni wa karatasi ya daftari. Nusu ya pili huwa ina miguu.

Ulizo lako bado. Ngoma yangu ilikuwa ipi? Juma lililopita nilialikwa harusi huko Kampemba, kama mgeni tu, sikupanga kitu. Wasindikizaji wakaingia. Sikumjua hata mmoja. Wakafika katikati, mstari ukageuka kama mlango, wa nje anakimbia bila kuonekana, wa ndani kimya. Halafu ngoma ikabadilika, na wote kwa pamoja wakatua visigino. Nikamuuliza jirani yangu nani amewafundisha, akataja kijana nisiyemfahamu. Kijana huyo alifundishwa na mtu, aliyefundishwa na mtu. Nikabaki na sahani yangu ya kuku mapajani, sili. Yule wa Likasi alikuwa ukumbini, na mzee wa filimbi, na hakuna aliyewajua isipokuwa mimi.

Sijui kama hiyo inaitwa ngoma yangu. Mwalimu wako angesema hapana.

Daftari langu nimempa mama mdogo wako, anashuka Kinshasa kwa ndege ya Jumamosi. Umkute mwenyewe, usitume rafiki. Michoro ni ya nukta tu, lakini utaielewa, duara tupu ni harage. Ukurasa wa mutuashi una doa la mawese, usiukwangue, kuna maandishi chini yake. Kwenye mfuko huohuo kuna kitambaa cha kufunga goti. Kisafishe kwanza.

Mama yako