Barua kwa mwanangu: kuhusu ile Boxer ya Kibaigwa

Kilosa, Jumatano jioni

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeupata na nimeusoma mara mbili. Umeniuliza kama ununue ile pikipiki ya Boxer BM 150 ya mkononi ambayo kijana wa Kibaigwa, huko Kongwa, anaiuza shilingi 1,400,000, akisema ameiendesha bodaboda kwa miaka miwili na kwamba dashibodi inasoma kilomita 18,000. Na ukishainunua, uitunze vipi ili ikufikishe kazini shuleni, kilomita 14 za vumbi kwenda na nyingine 14 kurudi. Najua kwa nini umeniuliza mimi na si baba yako. Nilikuwa bibi shamba kwa miaka mingi, na pikipiki ya idara ndiyo iliyonipeleka vijijini, kwa hiyo nitakujibu kwa urefu, hasa pale ambapo mimi mwenyewe nilikosea.

Umeandika, kama jambo dogo, kwamba kadi ya pikipiki iko kwa kaka yake na kwamba utakabidhiwa ukishalipa. Nilipofika hapo niliinuka nikaenda kuchukua miwani, nikidhani nimesoma vibaya. Mama, pikipiki nyingi za bodaboda hazimilikiwi na anayeziendesha. Kijana huchukua pikipiki kwa mkataba, akawa anapeleka hesabu, yaani fedha waliyokubaliana, kwa tajiri wake mwenye pikipiki kila siku au kila wiki mpaka mkataba uishe, au huichukua kwa mkopo na kadi ikabaki kwa mkopeshaji mpaka rejesho la mwisho. Kwa hiyo anaweza kuonekana juu yake miaka miwili, kijiwe kizima kikimjua nayo, na bado isiwe yake. Simwiti huyo kijana mwongo, kwa kuwa inawezekana kaka yake ndiye mwenye mali na amemtuma kuuza. Ila katika hali hiyo anayepaswa kusimama mbele yako, kutia sahihi na kupokea fedha ni huyo kaka.

Hili sikulisoma mahali. Mwaka 2011, nilipotaka kuwa na pikipiki yangu mwenyewe, niliinunua kupitia kwa dalali aliyenipa nakala ya kadi na ahadi ya kuleta kadi halisi baada ya siku tatu. Wiki ya tano alikuja mzee mmoja nyumbani, mpole kabisa, akiwa na kadi halisi mkononi na askari mmoja nyuma yake, akaniambia pikipiki hiyo alimpa kijana kwa mkataba na hesabu ilikuwa imekatika tangu mwezi uliopita. Haki ilikuwa yake. Fedha yangu niliyofanikiwa kurudishiwa, baada ya miezi minane ya kwenda na kurudi, haikufika hata nusu. Wewe ulikuwa bado shule na hatukukwambia.

Kwa hiyo usitoe hata shilingi elfu kumi ya kushikia mpaka uwe umeiona kadi halisi, umemwona mtu ambaye jina lake limeandikwa humo, na umelinganisha jina hilo na kitambulisho chake cha NIDA. Kisha linganisha namba tatu: namba ya usajili iliyo kwenye kibao, namba ya chasisi iliyogongwa kwenye shingo ya fremu karibu na usukani, na namba ya injini iliyogongwa kwenye chuma cha injini yenyewe. Chukua kitambaa chenye petroli kidogo ufute uchafu, halafu usiishie kusoma kwa macho, pitisha na kidole. Namba za kiwandani hukaa kwenye mstari na chuma kinachozizunguka huwa kimechakaa sawasawa na sehemu nyingine. Ukikuta pamesagwa, au rangi mpya imepakwa hapo tu na kwingine kote ni kuukuu, aga kwa heshima uondoke. Namba ya usajili iingize pia kwenye mfumo wa polisi wa kuangalia faini za barabarani, kwa sababu deni hufuata kibao, halimfuati aliyelitenda. Mkataba wa mauziano uandikwe mbele ya wakili, kisha nyote wawili mfuatilie TRA, mamlaka ya mapato, kubadilisha umiliki, mkiwa na namba zenu za mlipakodi, ambako kuna ushuru wa stempu wa asilimia 1 na ada nyingine. Mkubaliane mapema nani analipa nini. Usikubali kuendesha kwa jina la mtu mwingine eti utabadilisha ukipata nafasi.

Sasa hizo kilomita 18,000. Mwendesha bodaboda anayetembea kilomita 80 tu kwa siku, kwa siku 300 za mwaka, anafikisha kilomita 24,000 kwa mwaka mmoja, na kwa miaka miwili 48,000. Basi ama hakuwa akifanya bodaboda kwa bidii, ama waya wa spidi ulikatika ukakaa bila kutengenezwa, ama kuna mtu ameuchomoa makusudi. Mimi sijawahi kuiamini dashibodi. Tazama mpira wa kiki na mipira ya kukanyagia miguu kama imelika mpaka chuma, tazama meno ya sproketi ya nyuma, lile duara la meno linaloshika cheni, kama yamechongoka na kulalia upande mmoja, kisha soma tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu ubavuni mwa tairi: 2321 maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2021. Hivyo ndivyo vitakavyokwambia umri wake.

Kuikagua, nenda asubuhi, na mwambie muuzaji siku moja kabla kwamba usingependa aiwashe kabla hujafika. Ukifika, weka mgongo wa kiganja kwenye bloku ya injini. Ikiwa ina joto, wametangulia kuiwasha ili kuficha ugumu wa kuwaka ikiwa baridi, na utakuwa umejifunza jambo kuhusu muuzaji pia. Ikiwa ya baridi, bonyeza kiki kwa mkono polepole. Injini yenye nguvu hukataa, hukusukuma, ilhali iliyokwisha hushuka laini kama pampu ya baiskeli iliyotoboka. Ikiwashwa, simama nyuma uangalie moshi. Moshi wa buluu unaotoka kidogo mwanzoni kisha ukaisha mara nyingi ni sili za valvu, na hilo si ugonjwa mkubwa. Moshi wa buluu unaoendelea, na kuzidi kila ukivuta mafuta, maana yake oili inapanda kupitia kwenye ringi za pistoni, na hapo injini itabidi ishushwe. Usiipende sana sauti nzito ya ekzosi. Wewe sikiliza juu ya injini, upande wa cheni ya taimingi, kama kuna mlio wa misumari inayotikiswa kwenye kopo.

Baada ya hapo iweke kwenye stendi kubwa, mtu akandamize nyuma ili gurudumu la mbele lielee, nawe ugeuze usukani taratibu kutoka kushoto kwenda kulia. Ukihisi unanasa mahali katikati, beringi za shingo zimekufa, na pikipiki hiyo haitashika njia vizuri kwenye mchanga, na kwenye mchanga ndiko wewe utakakopita kila siku. Shika gurudumu la nyuma ulitikise ubavu kwa ubavu. Kagua shokapu za mbele kama zinavuja oili. Simama hatua tano nyuma uone kama magurudumu mawili yanafuatana kwenye mstari mmoja, kwani fremu iliyopinda kwa ajali hata fundi hodari hainyooshi ikanyooka kweli. Mwisho muombe uiendeshe: ukiwa kwenye gia ya juu kwa mwendo mdogo, vuta mafuta kwa ghafla, injini ikinguruma na mwendo usiongezeke, sahani za klachi zimekwisha. Nenda na fundi, lakini awe fundi wako, umlipe wewe, na asiwe ametokea kijiwe kimoja na muuzaji.

Jambo la leseni ulilitaja mwishoni, nami nalijibu kwa ufupi. BM 150 ina injini ya takribani sentimita za ujazo 145, na daraja A1 linaishia 125. Utahitaji daraja A.

Ukishaipata, hata kama muuzaji ameapa kwamba ameihudumia juzi, mwaga oili siku hiyo hiyo, injini ikiwa ya moto ili uchafu utoke nayo, na uanze hesabu yako mwenyewe kwenye daftari. Katika pikipiki ya aina hii injini, gia na klachi vyote vinaogelea kwenye oili moja, tofauti na gari. Kwa hiyo usimruhusu mtu akuwekee oili ya gari kwa sababu ni ya bei nafuu au kwa sababu ni nyepesi na ya kisasa, maana baadhi ya oili za magari zina viungo vya kupunguza msuguano, na klachi inaishi kwa msuguano. Tafuta 20W-50 ya pikipiki, kopo likiwa na maandishi JASO MA, alama ya oili inayofaa klachi ya pikipiki. Wewe utatembea kilomita 140 kwa wiki za shule. Badilisha kila kilomita 1,500, ambayo ni kama miezi miwili na nusu, na katikati angalia kipimo kila Jumamosi pikipiki ikiwa imesimama wima. Nimeona injini nyingi zikifa, na nyingi kati yake hazikuuawa na uzee, zilikaushwa.

Vumbi la Kongwa nalo lina lake. Eakilina, yaani chujio la hewa, ikiziba, injini hupumua kwa shida na kula mafuta mengi. Ikipasuka au ikiachwa wazi, mchanga huingia na kusaga pistoni na bloku. Ikiwa ni ya sponji, ioshe kwa maji ya sabuni kila baada ya wiki mbili wakati wa kiangazi, ikauke kivulini, uipake oili kidogo kisha uikamue. Ikiwa ya karatasi haioshwi, inapigwapigwa vumbi litoke na baadaye inabadilishwa. Cheni isafishwe na kupakwa oili, na uiache icheze kama sentimita mbili hadi tatu ukiisukuma kwa kidole katikati. Iliyokazwa sana hula beringi. Itakapokwisha nunua seti nzima pamoja na sproketi zote mbili, kwa sababu cheni mpya juu ya meno ya zamani haifiki mbali. Breki, upepo wa matairi na taa vikague Jumatatu kabla ya kutoka, dakika tatu zinatosha. Kofia ngumu nunua mpya. Ya mkononi huwezi kujua imeshaanguka mara ngapi.

Katika bajeti yako naona umepanga 1,400,000 kamili, kana kwamba ukishalipa mambo yamekwisha. Bado kuna bima, ada za TRA, oili, na bila shaka seti ya cheni na matairi. Mimi ningemwambia 1,150,000 na nisingevuka 1,250,000, ile tofauti ikabaki kwa fundi. Akikataa, Kibaigwa kuna soko la mahindi na watu wengi. Pikipiki nyingine itapatikana kabla muhula haujafunguliwa.

Usiende Jumamosi kabla ya kunitumia picha ya kadi, mbele na nyuma, na picha ya namba ya chasisi ikiwa imefutwa vumbi. Zikifika nami nikaridhika, nitakutumia laki mbili za cheni na matairi, ila fundi aandike risiti.

Mama yako

N.B. Baba yako anasema ununue baiskeli.